Matango ya Baba Yako

Mwanangu Marietha,

Nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, naandika kwa kalamu ya risasi uliyoiacha dirishani. Nakusikia upande wa pili ukicheka na binamu zako wanaokusuka. Mmoja wao anavuta nywele sana, nawe unajifanya huumii. Kesho tutashuka wote mpaka Bigwa, na kutoka Bigwa mpaka stesheni, kisha gari la moshi litakuchukua kwenda Tabora kwa mumeo. Nikikaa nawe sasa hivi nitakuuliza kama umefunga vizuri sahani, na tukimaliza sahani nitauliza habari za mikeka, na siku itakwisha hivyo. Kwa hiyo nimekukimbia.

Mambo ya nyumba sikuandikii. Bibi zako walikufunda ulipokuwa mwali ndani, na wanajua kufunda kuliko mimi. Wewe uliniomba kitu kimoja tu, nikuandikie namna ya kutengeneza matango ya baba yako, maana mumeo Damiani aliyala siku ya posa, akatokwa machozi mbele ya wajomba zako wote, kisha akasogeza bakuli aongezewe. Nilidhani ni maneno machache. Lakini tangu asubuhi kila nikianza na tango najikuta kwa baba yako, na nikimfukuza baba yako nirudi kwenye tango, tango lenyewe linakataa. Basi nitaandika kama yanavyokuja.

Nilikuwa msichana wa misheni. Kazi yangu baada ya kusoma ilikuwa kuchota maji ya kumwagilia bustani ya mapadre, na mtunza bustani alikuwa mtu ambaye hatujapata kuona mfano wake. Wadachi walimleta yeye na wenzake kwa meli kutoka Singapura, waje kulima kahawa huko Usambara. Wenzake wengi walikufa kwa homa. Yeye siku moja alichapwa kiboko kwa kosa ambalo mpaka anakufa hakulijua, na usiku wake akatoroka. Akafuata msafara wa wapagazi mpaka Morogoro, na kwa kuwa hakutaka macho ya watu wa boma, akapanda mlima mpaka alipokuta bustani na mtu wa kumpa jembe.

Jina lake lilikuwa Lin. Ulimi wetu haupendi neno linaloishia hivyo, likawa Lini. Watoto wakimkuta njiani walimwuliza, “Lini?” naye akawajibu, “Kesho.” Walicheka mpaka wakakaa chini. Hawakujua kwamba neno hilo alilijifunza kule shambani, ndilo alilojibiwa kila alipouliza atarudishwa kwao lini.

Mapadre walikuwa na mbegu za matango kutoka kwao. Matango yaliyonyooka yalikwenda mezani kwao, yaliyopinda aliachiwa mtunza bustani. Jioni moja nilimkuta ameweka tango juu ya jiwe, analipiga kwa ubapa wa panga. Linapasuka, mbegu zinaruka.

Nikamwuliza, “Tango limekukosea nini?”

Akafikiri maneno. Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga. “Kata, haiingii,” akasema. “Ponda, inaingia.”

Akatia chumvi, akaliacha. Akaja kumwaga maji yaliyotoka, akatia vitunguu saumu, siki aliyopewa jikoni kwa mapadre, na pilipili nyingi kama mtu anayetaka kuua panya. Akanipa kwa kipande cha jani la mgomba. Nilikula kwa heshima, Marietha, kisha nikakimbilia mtoni nikaweka mdomo wote ndani ya maji. Nilipogeuka alikuwa amesimama ukingoni ameshika kichwa, anadhani ameniua. Nikamwambia sirudi tena. Kesho yake nilirudi kabla ya saa ya kuchota maji.

Sasa umeelewa kwa nini nacheka ninyi watoto mnaposema Damiani alipendwa kwa sababu ya matango. Si yeye wa kwanza.

Tulipotaka kuoana, mapadre hawakuwa na neno. Walimbatiza jina la Yosefu, ingawa hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mwenye neno alikuwa Mjomba Banzi. Unajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba ni la ukoo wa mama, na mwanamume anakuja kuoa akiwa mgeni. Mjomba hakumchukia. Alisema tu, “Mgeni mwingine nikigombana naye, najua nitamwita nani tukae tuzungumze. Huyu nitamwita nani? Bahari?” Akakataa. Baba yako hakubishana. Alikwenda kulima makingo ya mjomba, yale matuta ya kushika udongo mteremkoni, yaliyobomolewa na mvua, akayapanga upya kwa mawe namna ya kwao, mjomba akimtazama kwa mbali na kiko chake, hasemi ahsante wala hasemi ondoka. Tulikaa hivyo misimu miwili ya mavuno.

Kisha siku moja alikuja tarishi wa akida pamoja na askari mmoja mwenye bunduki. Haya sikukuambia ulipokuwa mdogo, kwa kuwa baba yako hakupenda yasemwe. Nilikuwa jikoni kwa mjomba, nasikia kila neno.

Tarishi akasema, “Mzee, boma lina habari kwamba huku juu kuna Mchina aliyetoroka kazi. Tumetumwa kumchukua.”

Mjomba akawakaribisha viti kwanza. Akaagiza maji. Halafu akasema, “Mchina simjui. Huku kuna watu wa ukoo wangu na wakwe zangu.”

“Yule anayepanga mawe pale ni nani?”

“Yule ni mkwe wangu. Amemwoa mpwa wangu.”

Nilikuwa nimeshika mwiko, nikauweka chini polepole. Askari akatazama makingo, akatazama mjomba. “Mkweo katoka wapi?”

“Katoka kwao,” mjomba akasema. “Kama wewe ulivyotoka kwenu.”

 Askari yule alikuwa Msudani, mtu mzima, na nadhani neno lile lilimgusa mahali fulani. Wakala, wakaondoka na majogoo wawili, na boma halikurudi tena kwa habari hiyo. Mjomba alipowaona wamepotea kwenye kona ya njia, akaniita. Akaniambia, “Nenda kamwambie nimeshasema, kwa hiyo afanye iwe kweli. Sipendi kusema uongo kwa watu wa serikali.” Ndivyo nilivyoolewa.

Nilidhani mtu akipata mke na shamba na paa, hamu ya kwao itapungua kidogo kidogo. Haikupungua. Ilikuwa inamjia wakati wa kula. Alikuwa anaweza kushinda bustanini akiimba, kisha tukaketi, akaonja matango aliyoyatengeneza mwenyewe, nikaona uso unafungwa. “Siyo,” alikuwa akisema. Neno hilo tu. Nikimwuliza kimepungua nini, anaonyesha ulimi.

Kwao kulikuwa na mchuzi mweusi wa chumvi unaotoka kwenye maharage yaliyovundikwa. Alijaribu kuvundika kunde ndani ya chungu. Nyumba ilinuka, majirani wakaja kuuliza kama tumefiwa na mbuzi. Tulikifukia kile chungu chini ya mgomba, na ule mgomba, nakwambia, ulizaa mkungu ambao mtu mmoja hakuweza kuubeba. Hilo lilimchekesha. Lakini si mchuzi ambao ulimi wake ulikuwa ukiutafuta. Alisema kwao kuna punje ndogo ya mti wa miiba, ukiitafuna mdomo unakufa ganzi na unatetemeka kama umeulamba umeme wa mvua, halafu pilipili inapita juu yake bila kuumiza. Nilimsikiliza nikiwa nimevimba. Naweza kukuambia sasa: niliionea wivu nchi ambayo sijaiona, kama mtu anavyomwonea wivu mke mwenza. Kila aliposema “kwetu” nilisikia jina la mwanamke.

Wewe ulikuwa tumboni alipopata maumivu ya jino. Shavu lilijaa, hakulala siku kadhaa. Bibi yako, mama yangu, hakupenda kelele za wagonjwa. Akafungua kifundo cha kanga, akatoa punje kavu, akamwambia, “Weka hapo panapouma, utafune, unyamaze.”

Baba yako akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaketi chini pale pale mlangoni, macho wazi, machozi yanashuka hata hayafuti. Bibi yako akashtuka, akaniambia, “Nimempa dawa ile ile ninayowapa wote.” Nikadhani amekufa ganzi mwili mzima. Nikamtikisa.

Akasema, “Mama, mti huu uko wapi?”

Ulikuwa mjafari. Mjafari huu huu unaoujua, wenye miiba iliyokaa juu ya vinundu kwenye shina, unaoota porini kule chini mlima unapoishia. Bibi zetu wameutumia kwa jino na kwa homa tangu zamani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kuutia kwenye chakula. Alishuka siku ile ile, shavu likiwa bado limevimba, akarudi na mfuko mzima na mikwaruzo mpaka mabegani. Akaponda tango. Akaonja. Alitafuna polepole sana, mpaka nikaogopa kwamba atasema “siyo”.

Akasema, “Karibu.”

Sikujua kama anamaanisha ladha imekaribia, au ananikaribisha kula. Sikumwuliza. Nilikula.

Nakuandikia sasa yenyewe, kabla mwanga haujapungua. Tango liwe changa, ngozi iwe na ugumu kidogo. Liponde kwa ubapa wa kitu kizito, pigo moja au mawili, kisha livunje kwa mkono. Mimi miaka ya kwanza nilikuwa nalikata kwa kisu, vipande sawa sawa, kwa kuwa nilitaka wageni waone nimefundishwa misheni. Vilipendeza, na viungo viliteleza juu yake kama mvua juu ya jani la mgimbi. Tia chumvi, uliache. Hapa ndipo nilipokosea mara nyingi zaidi, maana mimi ni mtu wa haraka. Nilikuwa nalihurumia likianza kutoa maji, nalichukua mapema, na chakula kinakuwa maji matupu. Liache litoe yote. Halafu mwaga, likamue kidogo kwa kiganja. Vitunguu saumu viponde, usivisage. Siki iwe ile yetu ya pombe ya miwa iliyochacha, na asali kidogo sana ya kuipoza. Mwisho, pasha mafuta ya ufuta mpaka uyasikie harufu, yaondoe motoni, utie pilipili na mjafari ndani yake vikiwa vimepondwa. Mafuta yakiwa yanafuka moshi vitaungua, na uchungu wake hautoki hata ufanye nini. Mimina juu ya matango, changanya kwa mkono, wape watu waliokwisha kuketi. Chakula hiki hakingoji mtu.

Mjafari ukiupata huko Tabora, vizuri. Wapagazi walimwambia baba yako kwamba mti huo upo mpaka Unyamwezi na wenyewe wana jina lao. Usipoupata, pika bila mjafari, wala usiseme “siyo” mbele ya mumeo. Nimeketi mbele ya neno hilo miaka mingi. Linachosha.

Reli ilipofika Morogoro ulikuwa na akili zako, unakumbuka tulivyoshuka kuona gari la moshi, ukajificha ndani ya kanga yangu. Baba yako hakujificha. Alilizunguka lote, akaligusa, akauliza linakwenda wapi. Wakamwambia pwani, Dar es Salaam, kwa siku moja. Yeye aliyefika huku kwa miguu na njaa, sasa pwani ilikuwa mbali naye kwa siku moja tu, na mbele yake meli. Kuanzia siku ile alikuwa anashika jembe na kutazama chini bondeni.

Nilijua. Na nilikuwa nimejifunza kitu kutoka kwa ule wivu wangu, kwamba mtu ukimshikilia kwa nguo, unabaki na nguo. Nikamwambia, “Nenda ukaone.” Akasema, “Nikiona meli?” Nikamwambia, “Ukiiona utajua.” Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, nikichambua mchicha, na mchicha ule ulikuwa umeshachambuliwa.

Wewe uliambiwa baba amekwenda kuuza mboga. Mimi kila jioni nilitengeneza matango, sijui kwa nini, na kila jioni nilipeleka bakuli kwa Mjomba Banzi kwa kuwa sikuweza kuyala. Mjomba alikula akitokwa jasho. Ilifika siku akaniambia, “Mpwa wangu, nakuhurumia, lakini tumbo langu nalo lihurumie.” Ndiyo siku pekee niliyocheka katika siku zile.

Alirudi mvua za vuli zikianza. Nilimwona akipanda njia ya makingo bila mzigo, na sikwenda kumpokea, niliingia ndani kuchota maji. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Nikampa maji.

Nikamwuliza, “Meli ilikuwepo?”

“Ilikuwepo. Mpishi wake mtu wa kwetu.”

“Mlizungumza?”

“Tulizungumza. Maneno yangu yalikuwa yamepata kutu, alinicheka. Akanipa chakula. Akanipondea matango, Luiza, na mchuzi mweusi, na punje zile zenyewe kutoka kwetu. Yalikuwa yenyewe. Nililia kama mtoto, na yeye akalia. Alisema atazungumza na nahodha, nitapata kazi ya kuosha vyombo mpaka tufike.”

Nikamwongezea maji. Akaendelea mwenyewe.

“Usiku nimelala pale bandarini, nimeshiba chakula cha mama yangu. Nikasema sasa hamu imekwisha. Nikaitafuta, haipo. Halafu ikaja, ikitokea upande mwingine. Imekuja kutoka huku. Nikaona nikipanda ile meli, nitakaa kwetu nikitafuna punje zile nikisema siyo, siyo, na mama yangu hatajua ninatafuta nini.”

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuacha kukumbuka kwao, usidhani hivyo. Aliendelea mpaka mwisho. Ila tangu hapo akikumbuka alinisimulia, nami nilisikiliza nikiwa sina tena mke mwenza. Nilijua mto wa kwao ulivyopinda, na jina la mbwa wao. Homa ilipomchukua, ulikuwepo, sina haja ya kuandika. Jambo moja hukulisikia kwa sababu ulikuwa unalia. Wazee waliuliza azikwe wapi, maana ni mgeni kwenye ardhi ya ukoo. Mjomba Banzi, mzee vile, akasimama kwa fimbo akasema, “Mawe yote ya makingo haya ameyapanga yeye. Nyinyi mmepanga jiwe gani?” Ndiyo maana amelala pale alipolala.

Nakuandikia haya kwa kuwa kesho ndani ya gari la moshi watu watakutazama macho yako. Huku mlimani tumeyazoea. Huko watakuuliza wewe ni mtu wa wapi, na wengine watauliza kwa ubaya. Nilikuwa nikifikiri nikutungie jibu, nimeshindwa. Una ukoo, ukoo wangu, hakuna wa kukutoa humo hata ukizeeka Tabora. Na una baba aliyetoka kwao. Yote mawili ni kweli, na hulazimiki kuchagua moja ili kumridhisha mtu mliyekaa naye benchi moja.

Na hamu itakupata. Sitakudanganya kwamba inakwisha. Itakupata huko ukitaka mlima, ukungu, na sauti za binamu zako, na ukija kututembelea, siku ya tatu au ya nne utaanza kutaka Tabora, utaona aibu. Usione aibu. Mimi sitavimba. Mwambie Damiani anapokuwa hana kazi, mwambie hata jina la mbuzi wetu. Mtu aliyekuoa ana haki ya kujua unakotazama unaponyamaza.

Wamemaliza kukusuka. Nasikia unaniulizia, na binamu yako anasema labda mama amekwenda mtoni. Nitakuja sasa hivi. Nitasema umependeza, nitakuuliza habari za sahani, na wewe utaniitikia kama kawaida, barua hii ikiwa kifuani mwangu. Nitakupa stesheni, uisome mlima ukiwa umekwisha kupotea dirishani.

Ukifika usiniandikie kwamba umefika salama. Hilo tarishi wa reli ataniambia. Niandikie umekula nini siku hiyo, na ni nani aliyeketi karibu nawe ulipokuwa unakula.

Mimi niliyekuzaa,
Luiza